Filamu ya Kwanza Kwenye Mizani ya Pamba

Msimu wa pamba ukishafunguliwa, kituo chochote cha AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, kuzunguka Bariadi mkoani Simiyu hakikosi vitu vinne: mizani, daftari, lundo jeupe na watu wanaongoja. Furushi likipandishwa kwenye mizani, macho ya mkulima huganda kwenye kipimo, ya karani hushuka kwenye daftari. Kwa sekunde nne, tano hivi, hakuna anayesema neno. Kisha karani anataja kilo, kalamu inatembea, furushi linashushwa, anasogea mwingine.

Mwanafunzi anayewaza filamu yake ya kwanza kwa kawaida hupita hapo bila kugeuza shingo, kichwa chake kimejaa kisa cha jambazi, mke wa tajiri na wodi ya hospitali. Arudi. Asimame pembeni ya mizani ile asubuhi moja na simu yake mkononi. Shoti, mpangilio wa picha na sauti, mambo matatu yanayowasumbua wanafunzi wa filamu kuliko mengine yote, yote yapo pale, na hakuna mwigizaji wa kulipwa.

Wala wasiwasi wa zile sekunde tano si wa kubuni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi binafsi inawapunja, na malalamiko hayo yakawa kuni za moto wa ushirika. Paul Bomani akawa sura ya harakati hizo, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mkulima anayekodolea macho kipimo leo amerithi tabia yenye historia ndefu. Kamera ikiweza kuyanasa macho hayo, filamu imepata mgongo.

Miongozo mingi huanza na kamera. Huu unaanza na sauti, maana ndiko filamu nyingi za wanafunzi zinakofia.

Tanzania ina ushahidi wake. Kwenye vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mtaani, watu wamelipa kiingilio miaka nenda miaka rudi kutazama filamu za Hong Kong, India na Marekani zilizofifia kwa kunakiliwa mara kwa mara, ilimradi juu yake kuna msimulizi wa Kiswahili anayezipa uhai. Derek Mukandala, aliyefahamika kama Kapteni Lufufu, alijijengea jina kwa sauti yake tu, juu ya picha ambazo hakuzipiga yeye. Mtazamaji wa kibandani huvumilia picha yenye chengachenga. Akikosa kusikia kinachosemwa, hutoka nje kununua karanga.

Tatizo la maiki ya simu ni kwamba haina ubaguzi. Inampokea karani, inapokea pikipiki inayopita barabarani, inapokea kidole cha mpigapicha kinachosugua kava. Dawa ya kwanza haihitaji fedha: sogea. Kila umbali kati ya mdomo na maiki unapopunguzwa kwa nusu, sauti ya msemaji hupanda kwa desibeli 6 hivi, huku pikipiki ikibaki na kelele zake zilezile. Mtu anayehojiwa kutoka hatua nne amekwisha kupotea hata kama kamera ni ya milioni tano.

Dawa ya pili ni kuazima simu nyingine. Ichomeke hedifoni yenye maiki kwenye waya, banisha ile maiki kwenye kola ya msemaji kwa kibanio cha nguo, upana wa kiganja chini ya kidevu, na simu ikae mfukoni mwake ikirekodi. Simu zote mbili ziwe kwenye hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya sentensi nzuri kuliko zote. Kabla ya swali la kwanza, piga kofi moja mbele ya kamera. Wakati wa kuhariri, fremu ambayo viganja vinakutana huoanishwa na mlio wa kofi kwenye ile rekodi ya pili, na mdomo na maneno yatakwenda pamoja.

Kutenganisha sauti na picha si ujanja mpya kwenye ardhi hii. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu 35 za mafunzo, sauti zake zikarekodiwa kwenye santuri zilizochezwa sambamba na picha. Mwanafunzi mwenye simu mbili na kofi moja ana kazi nyepesi kuliko mafundi wale.

Kuna pia suala la umbali ambalo wengi huligundua wamekwishachelewa. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde. Mpige picha mtu anayepasua kuni mita 100 kutoka ulipo, na mlio wa shoka utaifikia maiki yako baada ya karibu theluthi ya sekunde. Kwenye filamu ya fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu saba: shoka limeshatua, mlio bado uko njiani. Jicho linaona kasoro hata kama mwenye jicho hawezi kuitaja. Ama uvute sauti nyuma wakati wa kuhariri, ama umfuate mpasua kuni na kurekodi shoka lake kwa karibu, bila kujali picha.

Bariadi ina maadui wake wa sauti, na ni vizuri kuwajua kwa majina. Upepo wa kiangazi unaokata mbuga bila kuzuiwa na kitu. Mitambo ya viwanda vya kuchambua pamba wakati wa msimu. Halafu bati: kuanzia katikati ya asubuhi, jua likilipasha, bati hutanuka na kutoa milio ya tak, tak, ambayo mtu aliyelelewa chini yake haisikii tena, ila maiki inaisikia yote. Ndiyo maana mahojiano ya ndani yafanywe mapema, kabla paa halijapata moto, na ukuta ulio nyuma ya kamera utundikwe blanketi au uegemezwe godoro ili mwangwi usirudi. Kwa upepo, funika maiki kwa soksi ya sufu au kipande cha blanketi la manyoya. Pamba yenyewe, ingawa imejaa kila upande, haifai kushindiliwa kwenye maiki. Inaziba milio ya juu ya maneno, na mzee wa watu anasikika kama anaongea kutoka chini ya kitanda.

Kabla ya kuondoka kituoni, omba kila mtu akae kimya dakika moja na urekodi ukimya huo. Hautakuwa ukimya. Kutakuwa na mizani inayolia kwa kubembea, kandambili zinazoburuzwa, mtoto anayekohoa mgongoni, njiwa juu ya paa la ghala. Dakika hiyo moja ndiyo itakayozibia mashimo yote yanayotokea mhariri anapokata maneno ya mtu. Wanafunzi wengi huiona kama kupoteza muda. Wakifika kwenye uhariri huirudia safari nzima kwa ajili yake.

Na msemaji aachwe aseme kwa lugha yake. Kwa Kisukuma salamu ya asubuhi ni "mwangaluka", ya mchana ni "mwadila", na mwanafunzi anayeanza na hizo amekwisha kufungua nusu ya mlango. Mzee aliyepima pamba miaka arobaini atasimulia kwa Kisukuma kisa chenye mifano na vicheko. Mlazimishe Kiswahili cha ofisini na utapata sentensi tatu zilizonyooka kama tangazo la halmashauri. Tafsiri ina mahali pake, chini ya picha.

Asiye na simu ya pili wala maiki asikate tamaa. Mwaka 1963 Ousmane Sembène wa Senegal alitengeneza Borom Sarret, filamu ya dakika 20 hivi kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi mjini Dakar. Sauti haikurekodiwa mtaani. Iliingizwa baadaye, na mawazo ya mwendesha mkokoteni yakasikika juu ya picha zake. Simiyu ina mikokoteni ya ng'ombe kila njia. Kijana anaweza kupiga picha asubuhi na kumketisha mwenye mkokoteni jioni, chumbani, kurekodi sauti peke yake, bila upepo wala pikipiki.

Sasa kamera.

Zoezi la kwanza lichukue dakika moja. Mwaka 1895 Louis Lumière aliiweka kamera yake mbele ya kiwanda cha familia yao mjini Lyon, akawapiga wafanyakazi wakitoka, shoti moja isiyofika dakika, kamera haijasogea hata inchi. Fanya vivyo hivyo mbele ya mizani. Iegemeze simu kwenye tofali au marobota, ilale kwa ubavu, hesabu sekunde 50, usiiguse. Utakaporudi kuitazama utaona mambo ambayo jicho lako halikuyaona: nani anaingia kutoka wapi, nani anasimama wapi akisubiri, mkono gani unafanya kazi gani. Hapo ndipo shoti nyingine zinapopatikana. Anayeanza kwa kuzungusha simu huku na huko kama anatafuta mtandao hujinyima ramani hiyo.

Kwenye seti za Dar es Salaam utasikia maneno waidi, midiamu na klozapu. Waidi humwonyesha mtu mzimamzima pamoja na mahali alipo. Midiamu humkata kiunoni, tuone mikono na uso kwa pamoja. Klozapu huujaza uso, au kitu kimoja tu: ncha ya kalamu, fundo la furushi, kipimo. Kuyajua majina ni kazi ya nusu saa. Kujua lini utumie ipi ndiko kunakomtofautisha mwongozaji na mtu mwenye simu.

Chukua zile sekunde tano. Ukitaka mtazamaji awe upande wa mkulima, simama nyuma ya bega lake, kimo chake, na mizani ionekane mbali na ndogo, kama yeye anavyoiona. Kata kwenye klozapu ya uso wake. Usionyeshe kipimo. Acha tusubiri naye mpaka sauti ya karani itaje kilo ikitokea nje ya picha, sisi bado tunautazama uso wa mkulima: hapo ndipo habari ilipo. Ukitaka wasiwasi wa aina nyingine, onyesha kipimo kwanza, tujue kilo kabla mwenye mali hajajua, kisha tumwangalie akiendelea kutumaini. Ukianza na karani, kalamu yake, jasho lake, foleni isiyokwisha mbele yake, umepiga filamu ya mtu mwingine kabisa. Mizani ni ileile. Kituo ni kilekile. Kilichobadilika ni umesimama wapi na umekata lini.

Kila shoti ishikwe angalau kwa kuhesabu moja hadi kumi, hata kama utatumia sekunde mbili. Usivute kwa zumu ya simu. Tembea, kwa kuwa zumu ya simu nyingi hukata picha na kuikuza tu, na ubora unakwenda na maji. Tendo moja lipigwe zaidi ya mara moja: furushi hili kwa waidi, lijalo kwa midiamu, la tatu kwa klozapu ya mikono. Unapohama, hama kweli. Hatua nusu kulia hufanya shoti mbili zionekane kama kosa; zunguka nyuzi 30 au zaidi. Na uangalie nguo. Furushi lililofungwa kwa shuka la bluu kwenye waidi haliwezi kugeuka kiroba cheupe kwenye klozapu bila watu wa kijijini kucheka, na wa kijijini ndio wanaojua.

Mstari wa macho nao huwatesa wengi, ingawa ng'ombe huufundisha vizuri kuliko mwalimu. Ng'ombe wanapelekwa mnadani. Umewapiga ukiwa upande mmoja wa njia, wanatoka kushoto kwenda kulia. Ukivuka njia na kuwapiga kutoka upande wa pili, kwenye picha watakuwa wanatoka kulia kwenda kushoto, na mtazamaji ataamini wamegeuka kurudi zizini. Kati ya mkulima na karani kuna njia kama ile, haionekani, inapita kutoka jicho hadi jicho. Chagua upande mmoja asubuhi na ubaki nao. Ukilazimika kuvuka, weka katikati shoti isiyo na upande: kipimo peke yake, au uso unaoelekea kamera moja kwa moja.

Mpangilio wa picha uanze na kuwasha gridi kwenye kamera ya simu, ile mistari minne inayoigawa fremu theluthi kwa theluthi. Macho ya mtu yakae karibu na mstari wa juu. Anakotazama paachwe wazi zaidi ya nyuma yake. Kanuni hizi zitakutosha mwezi mzima, kisha zivunje ukijua sababu. Simiyu yenyewe inakuuliza swali gumu zaidi: mbuga ni tambarare na mbingu ni kubwa, kwa hiyo upeo wa macho ukae wapi? Ukiushusha theluthi ya chini, mtu anakuwa mdogo chini ya anga. Ukiupandisha, tunaona ardhi, mistari ya mipamba, kazi. Ukiuacha katikati, hujaamua.

Kituoni kuna zawadi nyingine: tabaka. Weka mizani mbele kabisa, karani katikati, foleni nyuma, ghala mwisho. Picha bapa ya simu inapata kina. Mlango wa ghala ukitazamwa kutoka ndani ni fremu ndani ya fremu, giza pande zote na watu wakiwa kwenye mwanga. Bongo Movie nyingi zimepigwa sebuleni, watu wawili kwenye makochi na ukuta nyuma yao, kwa sababu za bajeti zinazoeleweka. Kijana wa Bariadi ana mbuga, mawe na lundo la pamba bure. Anapoamua kujenga sebule kama ya Sinza, Dar es Salaam, amejinyima mwenyewe. Shoeshine, filamu fupi ya Amil Shivji ya mwaka 2013, imejengwa kuzunguka pembe ya mtaa ambako kijana anang'arisha viatu mjini Dar es Salaam. Mahali pamoja panatosha.

Mwanga wa hapa una saa zake. Bariadi iko mbali magharibi ya mstari unaopanga saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo jua la Juni huchomoza kama saa 12:45 asubuhi na kufika juu kabisa karibu saa 6:45 mchana. Saa mbili za kwanza na saa moja na nusu ya mwisho ndizo za dhahabu. Katikati ya mchana macho ya watu huzama kwenye vivuli vya nyusi zao. Jioni usizubae: ukanda huu hauna machweo marefu, na dakika 20 hivi baada ya jua kuzama giza limekwisha kuingia.

Pamba inaleta mtego wake. Simu ikiona weupe mwingi hudhani picha imezidi mwanga, inapunguza, na uso mweusi wa mkulima unageuka kivuli. Gusa uso wake kwenye kioo, shikilia mpaka simu ifunge kipimo cha mwanga hapo, na uache pamba nyuma iunguze kidogo ikibidi. Uso ndio wenye kisa. Weupe uleule unaweza kukufanyia kazi: msimamishe mtu akielekea lundo la pamba linalopigwa na jua la asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake. Mwanga utaruka kutoka kwenye pamba na kumrudia usoni, laini, bila taa wala shuka la kushikiliwa na msaidizi. Waongozaji wa kwingine hununua vifaa kupata mwanga wa namna hiyo.

Mpangilio mmoja wa simu urekebishwe kabla ya yote. Umeme wa Tanzania ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, ilhali simu nyingi huja zikiwa zimewekwa fremu 30. Chini ya taa za dukani au ofisini picha hupigapiga. Kama kamera inaruhusu, weka fremu 25 na shata ya 1/50. Mpangilio huohuo husaidia pale mizani inapokuwa ya tarakimu za taa nyekundu, ambazo kwa shata ya kasi huonekana nusu au kutoweka.

Ruhusa isiachwe mwisho. Upigaji wa filamu nchini uko chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayosimamia vibali, kwa hiyo mwanafunzi apitie kwa afisa utamaduni wa halmashauri akiwa na barua ya shule au chuo, kisha kwa mtendaji wa kijiji na viongozi wa AMCOS. Baada ya barua zote hizo, aombe tena, mdomo kwa mdomo, kwa mtu mwenye furushi. Kurasa za daftari zenye majina, kilo na malipo ya watu zisionekane kwenye picha. Piga kalamu, usipige hesabu.

Filamu ya kwanza isizidi dakika tatu. Ikate, kisha isikilize umefumba macho: ukielewa kinachotokea, sauti imekaa. Itazame tena ukiwa umezima sauti: ukielewa, shoti zimekaa. Halafu tafuta spika, shuka jeupe na ukuta, uwaonyeshe watu wa kituo kabla ununuzi haujafungwa. Wakishalipwa wanatawanyika, karani anarudi kwao, na mizani inafungiwa ghalani hadi mwaka mwingine.